Kumbukumbu ya mradi: Maus cha kadibodi, sasa ni zamu ya minyororo

Kiwiliwili kimeshikana na pembe zimepigwa msasa. Najenga kifaru Maus cha Wajerumani, cha Vita vya Pili vya Dunia, kwa kipimo cha 1 kwa 35. Chenyewe kilikuwa na tani 188, na hakuna kifaru kizito zaidi kilichowahi kukamilika. Changu kina urefu wa sentimita 29 pamoja na mzinga, upana 10.6. Bamba la mbele lilikuwa na unene wa milimita 200, kwa hiyo nimebandika kadibodi tabaka juu ya tabaka hadi ikakaribia milimita 6.

Minyororo ndiyo iliyonifundisha mengi. Kila mmoja ulikuwa na upana wa mita 1.1, yaani sentimita 3.1 mezani kwangu. Nilipoiweka yote miwili ikala zaidi ya nusu ya upana! Katikati ikabaki nafasi finyu kama ujia. Hapo ndipo nilipoielewa shida ya Ferdinand Porsche, mbunifu wa kifaru hiki: uzito ule ulidai minyororo mipana ili kifaru kisididimie, lakini chombo chenyewe hakikuweza kutanuka kupita mita 3.7 hivi, maana kilipaswa kusafiri kwa reli, juu ya behewa maalumu la ekseli 14. Kwenye ule ujia injini ilizungusha jenereta, na umeme wake ukaendesha mota, moja kwa kila mnyororo.

Madaraja nayo yasingekibeba. Kikapangiwa kupita chini ya maji, kikivuta hewa kwa bomba refu na kupokea umeme kwa kebo kutoka kifaru cha pili kilichobaki ukingoni. Wazo hilo nalipenda kuliko mzinga wake wa milimita 128, na kebo nitaitengeneza kwa waya wa shaba.

Vilikamilika viwili tu. Cha kwanza, V1, kilijaribiwa Böblingen, Ujerumani, mwaka 1944 kikiwa na uzito wa bandia badala ya mnara wa mzinga. Cha pili, V2, kilipata mnara halisi, kisha Wajerumani wenyewe wakakilipua. Wasovieti waliunganisha kiwiliwili cha V1 na mnara wa V2, na muungano huo ndio uliopo hadi leo kwenye makumbusho ya vifaru ya Kubinka, Urusi. Mimi najenga V2 kikiwa kizima.

Magurudumu yatafichwa na mabamba ya ubavuni, lakini nayatengeneza yote, na bamba moja litafunguka.