Gavana wa siku 35

Jana umeme ulikatika, nikajikuta nasoma habari za P. B. S. Pinchback mpaka simu ikazima chaji. Jamani, huyu mtu!

Kazaliwa 1837 huko Georgia, Marekani, mama aliyewahi kuwa mtumwa, baba mzungu mwenye mashamba. Akafanya kazi kwenye meli za mtoni, kisha vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipokuja akawa kapteni upande wa Muungano, yaani majimbo ya kaskazini. Desemba 1872 gavana wa Louisiana, Henry Clay Warmoth, akasimamishwa akisubiri kesi ya kumng'oa madarakani, na Pinchback akakalia kiti. Gavana wa kwanza mweusi Marekani! Tarehe 13 Januari 1873 akakabidhi ofisi. Hata kodi ya nyumba ya miezi miwili haijaisha, nikajisemea gizani.

Kilichoniuma ni kilichofuata. Alichaguliwa kwenda Seneti, wenyewe wakabishana weee, mwaka 1876 wakamnyima kiti. Na gavana mwingine mweusi? Douglas Wilder wa Virginia, 1990. Nimehesabu mara mbili: miaka 117.

Umeme ulirudi saa sita usiku. Usingizi wenyewe ulishapaa.