Tafadhali Uniandikie na Jina

Sebuleni kwangu hapa Columbus, katika jimbo la Ohio, lipo kabati la vioo ambalo wageni kutoka nyumbani hulidhania kuwa la vyombo vya Idi. Wakilisogelea hukuta mipira 11 ya besiboli, kadi zipatazo 200 zenye picha za wachezaji, na picha za wazee zilizopigwa walipokuwa vijana ndani ya sare za jeshi, na kila kimoja kina saini ya mwenyewe. Mshangao ukiisha, swali huwa moja: vinauzwaje? Nikijibu kwamba vingi haviuziki kwa sababu vimeandikwa jina langu, hunitazama kama mtu aliyepewa shamba lenye hati kisha akaichana hati.

Ndivyo soko la saini lilivyo. Saini ya mchezaji ikiwa peke yake juu ya mpira msafi humfaa mnunuzi yeyote, lakini ikishatanguliwa na maneno "Kwa Mbwana" humfaa Mbwana tu, na bei hushuka. Wachezaji wenyewe hulijua jambo hilo, na wapo wanaoshikilia kuandika jina la mwombaji kwenye kila wanachotumiwa ili mchuuzi asifaidi. Mimi sisubiri kushikiliwa. Katika kila barua ninayoandika, mstari wa mwisho kabla ya shukrani huwa huo huo: tafadhali uniandikie na jina langu.

Sikuingia katika shughuli hii kwa mapenzi ya besiboli. Nilipofika Marekani mwaka 2009 mchezo ule ulinichosha, kwa maana mtu aliyekulia Tanga katikati ya utani wa Coastal Union na African Sports haelewi upesi kwa nini watu wakae uwanjani kwa muda wa saa tatu wakimtazama mmoja akirusha, mmoja akikosa, na wengine wamesimama tu wakitafuna. Nilichoingilia ni barua. Kazi yangu ya kwanza haikuwa ya kubeba maboksi bali ya kutunza wazee kwa zamu ya usiku, na katika chumba cha mwisho cha ukumbi wetu alikuwamo mzee mmoja ambaye sitamtaja jina. Alikuwa mrushaji wa ligi za chini kwa miaka kadhaa, akapanda ligi kuu kwa muda mfupi, na kabla ya hayo alikuwa amepelekwa Korea katika vita vya mwaka 1950 hadi 1953. Kila mwezi alipokea barua mbili au tatu za watu wasiomjua, wakiomba saini. Macho yake yalikuwa yamechoka, usingizi hakuwa nao, kwa hiyo saa nane za usiku mimi ndiye niliyezifungua na kumsomea.

Nikajifunza ufundi huu kutoka upande ambao wakusanyaji wengi hawauoni. Zilikuwapo barua zilizopigwa chapa, zenye maneno yale yale yaliyotumwa kwa watu mia, na ndani yake kadi nne zisizo na ombi la jina, hizo alizisaini haraka huku akisema, "Huyu hajui hata kama nilikuwa nikirusha au nikipiga." Zilikuwapo pia zilizoandikwa kwa mkono, zikiuliza jambo moja tu, labda safari za basi kutoka mji hadi mji, au ni mpigaji gani aliyemnyima raha. Hizo aliziweka chini ya taa, akakaa nazo siku mbili tatu, kisha akajibu kwa mkono uliokwisha kuanza kutetemeka, wakati mwingine mistari miwili, wakati mwingine ukurasa mzima. Mimi nilimwita Mzee. Aliponiuliza maana yake nilimweleza kwamba kwetu ni neno la heshima, akacheka sana, akasema katika nchi yake watu hulipa fedha nyingi ili wasiitwe hivyo. Mpira wangu wa kwanza ni wake, nao umeandikwa kwa wino wa buluu: "Kwa Bwana, kutoka kwa Mzee." Jina langu alilikosea, na sijawahi kutamani alisahihishe.

Msomaji atakayetaka kujaribu ajue kwamba mambo yenyewe ni machache, ila hayavumilii uzembe. Barua iwe fupi, ya mkono, na ionyeshe kwamba unajua unamwandikia nani. Ndani yake utie bahasha ya majibu, yenye anwani yako na stempu tayari, kwa sababu mtu mwenye umri wa miaka 90 anayeishi kwa pensheni hapaswi kugharimia adabu zako. Matokeo yake ni kwamba barua unayoisubiri kwa hamu huja kwa mwandiko wako mwenyewe, na hakuna siku nimezoea kuuona mwandiko wangu ukinirudia sandukuni. Huweza kurudi baada ya siku kumi, au baada ya miaka miwili, au isirudi kabisa. Kadi moja inatosha. Mbili ni tamaa kidogo. Nne ni biashara.

Mpira una taratibu zake. Una uzito wa gramu 142 hadi 149, umefunikwa kwa ngozi nyeupe iliyoshonwa kwa uzi mwekundu wenye mishono 108, na mahali ambapo mistari miwili ya mishono inakaribiana zaidi ndipo saini ya mtu mmoja hukaa. Wenyeji wana jina lao. Mimi hupaita patamu. Kwenye ngozi hutumika kalamu ya kawaida ya wino wa buluu, kwa kuwa wino wa kalamu nene za maka husambaa na kufifia kadiri miaka inavyokwenda, ingawa kalamu hizo hizo ndizo zinazofaa kwenye picha na kadi zinazong'aa. Baada ya hapo adui ni jua. Kabati langu limeupa mgongo mlango wa kibarazani kwa sababu hiyo tu, na mke wangu bado ana maoni yake kuhusu mpango huo wa sebule.

Watu huniuliza pia kwa nini nimechanganya wachezaji na wanajeshi. Sikuwachanganya mimi. Bob Feller, mrushaji hodari wa Cleveland, alijiunga na jeshi la majini Desemba 1941, mara tu baada ya Pearl Harbor kushambuliwa, akatumikia kwenye manowari USS Alabama na kupoteza karibu misimu minne ya ubora wake. Katika uzee alisaini kwa ukarimu mno hata ukawapo utani kwamba mpira adimu ni ule usio na saini yake. Ted Williams, aliyefikisha wastani wa kupiga mpira wa .406 mwaka 1941, aliitwa mara mbili, na mara ya pili alirusha ndege za kivita Korea katika safari 39. Anayenigusa zaidi ni Bill Greason. Alipata mafunzo Montford Point, kambi ya Carolina Kaskazini ambako wanamaji weusi walitengwa na weupe, akapigana katika kisiwa cha Iwo Jima, Japani, akarudi na kuirushia Birmingham Black Barons mwaka 1948 akiwa timu moja na kijana aliyeitwa Willie Mays. Mwaka 1954 akawa mrushaji mweusi wa kwanza wa St. Louis Cardinals, akapewa mechi tatu tu, na baadaye akawa mchungaji wa kanisa huko Birmingham, Alabama. Mechi tatu! Ukitafuta thamani ya saini kwa takwimu za uwanjani pekee, mtu kama huyo humwoni.

Ndiyo maana simwandikii nyota. Nyota ana wakala, ana bei, na foleni yake ni ndefu. Nawaandikia waliocheza msimu mmoja au nusu yake, ambao kadi yao ni moja na wakati mwingine picha ya kadi yenyewe si yao. Baadhi yao huomba dola tano au kumi kwa saini, na nimewasikia wakusanyaji wakinung'unika kwamba huo ni uroho. Mimi sioni hivyo. Mchezaji aliyeondoka ligi kuu katika miaka ya 1970 bila kutimiza miaka minne ya utumishi hakupata pensheni, na kanuni zilipolegezwa mwaka 1980 hadi siku 43 tu, waliokwisha kuondoka waliachwa nje. Ruzuku waliyokuja kupewa mwaka 2011 ni ndogo na haiendi kwa wajane wao. Hizo dola kumi hulipa huku nikiona haya kwamba si ishirini.

Kuhusu saini bandia, nimeumwa mara moja. Kwenye mnada wa vitu vya kale nje ya mji nilinunua mpira wa mchezaji maarufu, wenye cheti cha kuvutia, na rafiki mmoja mwenye uzoefu alipouangalia kwa dakika mbili akaniuliza kama niliwahi kuona mtu akisaini bila kuinua kalamu wala kupunguza mwendo hata kidogo. Cheti kilikuwa bandia kama saini. Nilijifariji kwa kukumbuka kwamba hata wakubwa hukutwa na mambo hayo: katika miaka ya 1990 Tony Gwynn aliona saini zake za kughushi zikiuzwa katika duka la timu yake mwenyewe, San Diego, na uchunguzi wa FBI ukafichua mtandao mkubwa wa waghushi. Tangu mwaka 2001 ligi kuu ina mpango wa kuthibitisha vitu vyake kwa kibandiko maalumu, kukiwa na shahidi aliyepata kuwa askari polisi. Mimi sina shahidi. Nina swali nililouliza na jibu lililolingana nalo, na sijaona mghushi anayeweza kujua kwamba nilimwuliza mtu fulani habari za mbwa aliyeingia uwanjani mwaka 1966.

Kwa wanajeshi swali langu ni moja kwa wote: ni barua gani uliyoipokea vitani ambayo hujaisahau? Wapo waliojibu kwa neno moja, "Hakuna." Wapo waliosimulia barua ya mchumba iliyokuwa na habari za mchumba mwingine. Mmoja alieleza kwamba barua zake za miezi mitano zilimfikia siku moja, Ufaransa, mwaka 1945, naye hakujua kisa chake hadi alipozeeka: shehena ya mamilioni ya barua na vifurushi ilikuwa imerundikana katika maghala ya Birmingham, Uingereza, na waliopewa miezi sita kuipangua, wakaimaliza kwa mitatu, walikuwa wanawake weusi wa Marekani wa kikosi cha posta namba 6888, wapatao 855. Kati ya Wamarekani zaidi ya milioni 16 waliotumikia katika Vita Kuu ya Pili, mwaka 2024 walikadiriwa kubaki hai wapatao 66,000, na kwa hiyo bahasha zangu nyingi siku hizi hurudi zikiwa na mwandiko wa binti au mjukuu.

Babu yangu mzaa mama alikuwa Keya, yaani askari wa King's African Rifles, jeshi la Waingereza huku Afrika Mashariki. Alikwenda Burma na divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, waliopita bonde la Kabaw katika mvua za mwaka 1944 hadi Kalewa, na alichokisimulia zaidi kilikuwa matope. Hakuna mtu aliyewahi kumwandikia akimwomba saini. Kwenye cheti chake cha kuachishwa jeshi, mahali pa saini, pana alama ya dole gumba, nasi wajukuu tuliichukulia kuwa ni kwa sababu hakujua kuandika. Mama ndiye aliyetusahihisha: babu aliandika vizuri sana kwa herufi za Kiarabu, kwa mwandiko wa chuo cha Kurani, ila karani alipoona anaanzia kulia alimshika mkono na kuubonyeza kwenye wino.

Kisa hicho nilimwandikia, kwa mistari mitatu tu, askari mstaafu mmoja wa Korea anayeishi Indiana, nikimweleza kwa nini huomba niandikiwe jina. Miezi miwili baadaye mwandiko wangu ulirudi sandukuni, bahasha ikiwa nene kuliko nilivyoituma. Kadi yangu ilikuwamo, imesainiwa, na jina langu halikukosewa. Nyuma yake ilikuwamo bahasha nyingine, ndogo, yenye anwani yake, na kadi tupu iliyopachikwa karatasi: tafadhali uniandikie na jina langu.

Nilikaa nayo siku tatu chini ya taa. Kisha nikaandika jina lake, nikaandika langu, na chini yake nikaliandika tena kuanzia kulia, herufi yangu ya nuni ikiwa imepinda kidogo. Stempu alikwisha kuibandika.