Ninavyoshona mifuko ya sokoni kwa mapazia na mashuka ya mitumba

Pazia la mtumba silinunui kabla ya kulivuta. Nalishika pindo kwa mikono miwili, vidole gumba vikikutana, navuta kwa ghafla, kwanza kwa urefu, kisha kwa upana. Likilia kama karatasi au nyuzi zikianza kuachana, nalirudisha kwenye rundo hata kama maua yake yamenipendeza. Jua hulila pazia miaka yote linapokaa dirishani, na mara nyingi ukingo mmoja umekwisha huku katikati bado pazima. Shuka ni kinyume chake: linachakaa katikati, penye migongo ya watu, na kubaki imara pembeni na miguuni. Linyooshe mbele ya mwanga. Panapoonyesha kiganja chako upande wa pili, usikate hapo hata kishikio.

Uwe soko la Karume pale Ilala, Dar es Salaam, au Gikomba ya Nairobi, usiogope pazia lenye doa au ringi zilizong'oka. Bei yake hushuka, na sehemu hizo utazikata utupe. Ninayoyakwepa ni yale mazito ya kuzuia mwanga, yenye utando wa mpira upande wa nyuma. Utando hung'ang'ania chini ya mguu wa cherehani, kitambaa hakisogei, sindano inarudia kutoboa palepale. Ukilazimika, tandika ukanda wa gazeti juu ya mshono, shona, kisha chana gazeti. Pasi usiiguse kwenye utando huo.

Kujua aina ya kitambaa, chomoa nyuzi mbili tatu uziwashe nje ya nyumba, umezishika kwa kibano. Pamba huungua kama karatasi na kuacha jivu laini. Polyester huyeyuka na kuwa punje ngumu nyeusi. Zote zinafaa kwa mfuko, ila kuchanganya katika mfuko mmoja kuna gharama. Pamba ambayo haijawahi kuloweshwa hurudi inapofuliwa, polyester hairudi, na mshono unaoziunganisha utakunjamana. Kwa hiyo nafua na kuanika kila kitu kabla ya kukata. Pasi ya mkaa juu ya polyester ipitie kwenye kitambaa cha pamba chenye unyevu, la sivyo inaacha kovu linalong'aa.

Mwili wa mfuko naukata kipande kimoja, upana sentimita 42, urefu 96, ili chini pawe mkunjo, pasiwe mshono wa kubeba uzito. Pazia lililobaki na sentimita 130 kwa 210 baada ya kuondoa pindo hutoa miili sita: mitatu kwa upana, mara mbili kwa urefu. Lakini miili sita inataka mikono 12, yaani vishikio viwili kwa kila mfuko, na hiyo haitoki humo. Ama ukate miili minne tu na nafasi mbili zilizobaki zikupe mikono minane, ama mikono yote uitoe kwenye shuka. Mimi huchagua shuka, na sababu inakuja. Mkono mmoja ni sentimita 10 kwa 65, ukatwe sambamba na ukingo wa kiwandani wa kitambaa. Ukiukata mshazari unarefuka kila unapobeba, mpaka mfuko unakugonga magoti.

Mkono unakunjwa katikati, unapigwa pasi, unafunguliwa, kingo zinaletwa kwenye alama ya kati, unakunjwa tena. Unapata mkanda wa sentimita 2.5 wenye tabaka nne. Shona mistari miwili, kila mmoja milimita 3 kutoka ukingoni. Shuka likiwa jepesi, nabandua ule mkanda wa kamba uliokuwa juu ya pazia, napunguza upana, nauweka ndani ya mkono kabla ya kushona. Watu huutupa, na ndiyo sehemu ngumu kuliko zote kwenye pazia.

Cherehani yangu ni ya miguu, haina zigizaga, kwa hiyo kingo nazificha kwa kushona pembeni mara mbili. Kwanza weka upande mbaya, yaani wa ndani, kwa upande mbaya, shona milimita 6 kutoka ukingoni. Punguza kwa mkasi zibaki milimita 3, geuza, shona tena milimita 9. Ukiruka kupunguza, nyuzi zitachungulia nje kama ndevu, na huwezi kuziondoa bila kufumua.

Kwa kitako, fungua pembe ya chini mpaka mshono wa pembeni ulale juu ya mkunjo wa chini, pima sentimita 6 kutoka kwenye ncha, chora mstari wa kukatiza. Mstari ukitoka sentimita 12 umepatia. Shona juu yake mara mbili, wala usikate pembe, inaongeza nguvu. Mfuko ukiisha unakuwa na kitako cha 27 kwa 12 na kimo cha 37, kama lita 12 hivi.

Mdomo nakunja sentimita 1, kisha 4. Ncha ya mkono inaingia chini ya pindo, ikiwa sentimita 10 kutoka kwenye mshono wa pembeni, mkono ukining'inia chini. Shona ukingo wa pindo kuzunguka mfuko wote, geuza mkono uelekee juu, shona mraba wenye msalaba ndani. Kila ncha imemeza sentimita 8, kwa hiyo kati ya 65 zinabaki 49 juu ya mdomo, zinatosha begani. Kwa mtoto anayetumwa dukani kata 45, vinginevyo mfuko unaburuzwa.

Mifuko mingi huharibikia hapo penye mraba. Chini ya sindano kuna tabaka 11. Zote zikiwa za pazia nene, sindano inapinda, inapiga bamba, inavunjika. Ndiyo maana mikono yangu ni ya shuka. Miili nashona kwa sindano namba 14, hapa naweka 16, nazungusha gurudumu kwa mkono, na naweka kadibodi iliyokunjwa nyuma ya mguu ili usilale upande ukipanda kwenye unene. Mishono iwe ya milimita 3. Wengi hudhani mishono midogo ndiyo imara, kumbe inatoboa kitambaa kama stempu na kinachanika palepale. Uzi uwe wa polyester. Wa pamba huoza kwa jasho na kufuliwa.

Nikimaliza natia kilo 10 za mchanga ndani ya kiroba, naweka kwenye mfuko, nauning'iniza kwenye msumari usiku kucha. Uzi wa juu wa mraba ukiwa umelala wazi juu ya kitambaa, bobini, yaani uzi wa chini, ililegea. Nakaza skrubu ya kesi yake robo mzunguko na kurudia mraba huo tu.

Tangu rambo, ile mifuko ya plastiki, zipigwe marufuku Tanzania Juni 2019, mifuko mbadala ya dukani imejaa, lakini mingi nayo ni plastiki iliyobanwa ifanane na kitambaa. Huu wa pazia una shida moja ambayo hiyo haina: unanyonya. Samaki na nyama viwe na mfuko wao wa pamba, na damu iondolewe kwa maji baridi kabla ya sabuni, maana maji ya moto huigandisha kwenye nyuzi.