Simu nzuri, ila usiishike: nilivyopambana na mtandao Kigoma

Mimi nauza dagaa. Nanunua alfajiri pale mwalo wa Kibirizi boti zinapoingia, nakausha, nafunga, mzigo unakwenda Dar. Biashara yangu haina ofisi, ofisi ni simu. Mteja akipiga mara mbili akaambiwa namba haipatikani, ya tatu anampigia jirani yangu wa kichanja cha pili. Wala simlaumu.

Mwaka 2024 Ziwa Tanganyika lilifungwa kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15 ili samaki wazaliane, na miezi ile mitatu niliivuka kwa kuuza mawese na kukopa. Lilipofunguliwa, mizigo miwili ya kwanza ikanilipa vizuri, nikaona sasa na mimi niage kitochi. Nikanunua simu ya kupangusa: mgongo wa kioo, ubavu wa chuma, nyembamba mpaka unaogopa kuikalia. Muuzaji alinionyesha kamera tatu, akanionyesha inavyomjua mwenyewe kwa sura. Kupiga simu hakunionyesha, na mimi sikuuliza. Nani anauliza simu kama inapiga?

Wiki haikuisha. "Dada, unakatikakatika, siku hizi uko porini?" Niko nyumbani Mwanga, katikati ya mji! Natoka nje kukwepa bati, nasimama juu ya tofali, nanyoosha shingo kama kuku anayekunywa maji. Ukitazama kioo, vijiti vya mtandao viwili, vitatu. Nikiipeleka sikioni, kimya. Kitochi changu cha zamani nilichompa binti yangu, laini ya kampuni ileile, kinaita vizuri tu kikiwa juu ya mtungi wa maji.

Fundi wa kwanza akasema laini imechakaa. Nikabadilisha, hola. Wa pili akataka kuifungua "aangalie antena", lakini kabla ya kuanza akaniambia kioo cha nyuma kikipasuka ni juu yangu. Simu ya zamani ulikuwa unabandua mfuniko kwa ukucha. Hii imegundishwa, hata betri huitoi. Nikaichukua simu yangu nikaondoka.

Nikaanza kushuku ni feki. Nilikumbuka Juni 2016, simu feki zilipozimwa nchi nzima na watu wakaamka na vipande vya plastiki mkononi. Nikabonyeza *#06#, zikaja zile tarakimu 15 za utambulisho wa simu, nikazituma kwenda 15090, namba ya kuhakiki simu. Jibu likarudi na jina la kampuni na toleo lake, sawasawa na lililoandikwa kwenye boksi. Kumbe ni halali kabisa. Hapo ndipo niliumia zaidi, maana feki ingekuwa na kisingizio.

Aliyeniokoa ni mtoto wa kaka yangu, anasoma mambo ya umeme, alikuja likizo. Akaniambia, "Shangazi, achana na vijiti. Kila kampuni inavichora inavyotaka." Akaingia kwenye mipangilio, kuhusu simu, hali ya laini. Pale kuna namba yenye alama ya kutoa mbele yake. Ikikaribia sifuri mtandao una nguvu, ikizama kuelekea kutoa 120 umekwisha. Na kila ikishuka kwa 10, nguvu inayofika imepungua mara kumi, siyo kidogokidogo kama vijiti vinavyokudanganya.

Tukaiweka mezani: kutoa 101. Nikaishika ninavyoishika siku zote, kiganja kimekumbatia sehemu ya chini: kutoa 115. Nikaiachia, ikarudi 101. Nikacheka, halafu nikakasirika. Yaani simu inafanya kazi ila usiishike!

Akanionyesha mistari miembamba ubavuni, kama imechorwa kwa kalamu. Nilidhani ni urembo. Kumbe ule ubavu wa chuma ndio antena yenyewe, na mistari ile ni plastiki inayoitenganisha kipande na kipande. Antena kuu wanapenda kuiweka chini ili iwe mbali na kichwa, lakini chini ndiko mkono unakokaa, na mkono wa mtu umejaa maji, unayanywa mawimbi. Akanisimulia kwamba jambo hili si geni: mwaka 2010 iPhone 4 ilitoka na chuma cha aina hiyo pembeni, ukiziba pengo la kushoto kwa chini mtandao unaanguka. Mteja akaandika kulalamika, Steve Jobs, bosi wa Apple wanaoitengeneza, akamjibu asiishike hivyo. Baadaye kampuni ikakiri kwamba hata hesabu yake ya vijiti ilikuwa inaonyesha vingi kuliko hali halisi, ikagawa kava za bure.

Nikasema kava mbona ninalo? Akalivua. Ndani yake mlikuwa na bamba la chuma, la kunasa kwenye sumaku ya gari. Mimi gari sina! Nilichagua lile kava kwa sababu lina maua. Bila bamba, simu ikiwa mkononi palepale, namba ikapanda hadi kutoa 108. Nikanunua kava la mpira mtupu, baya, rangi ya tope, na bei yake ndogo kuliko sahani ya migebuka.

La pili alilolifanya ni kubadili aina ya mtandao. Simu ilikuwa inang'ang'ania 4G dhaifu, na kila nikipigiwa inalazimika kuiachia ikatafute pengine pa kupokelea, mteja keshakata. Kitochi hakina tamaa hiyo, kinashika 2G yake, ule mtandao wa zamani wa kupigia, kinatulia. Basi alfajiri naiweka kwenye 2G, ni muda wa kupiga tu. Jioni nikitaka kutuma picha za mzigo nairudisha. Na chaji, iliyokuwa inaisha kabla ya adhuhuri, sasa inanifikisha magharibi.

Dawa nyingine ningepiga kwa spika, simu ikiwa juu ya gunia. Lakini bei ya dagaa huwezi kuitangaza mwaloni, majirani wana masikio. Waya wa masikioni nao hauingii, tundu lake wameliondoa. Kwa hiyo naishika juu kwa vidole viwili, kama kikombe cha chai ya moto. Wananicheka sana.

Halafu Kagunga. Nilikwenda kwa boti kufuata mzigo, ni kule mpakani na Burundi. Usiku simu ikaona mtandao wa ng'ambo una nguvu, ikahamia bila kuniuliza, na saa ikahama nayo: Burundi wako saa moja nyuma yetu. Asubuhi najiona nina muda tele, nakunywa chai na mihogo, mara nasikia injini. Nilikimbia mchangani na kiatu kimoja. Nahodha akasema, "Mama, saa yako ya wapi?" Tangu siku hiyo nikienda kule nazima ule uchaguzi wa mtandao wa moja kwa moja, nachagua wa kwetu mwenyewe, na saa naiweka kwa mkono.

Mwezi uliopita nilimsindikiza mdogo wangu kununua simu. Nikachukua ile aliyoipenda, nikaomba tuweke laini yake, nikafungua ile namba, nikaishika kwa chini, nikaisubiri. Kijana wa dukani akanitazama, akasema, "Mama, kamera yake hujaiona."