Ifungue kwanza, uione bodi

Kwenye maduka ya kompyuta za mtumba hapa Mombasa, kitu cha kwanza unachoonyeshwa ni kibandiko cha prosesa (ubongo wa kompyuta) kilicho mbele ya kasha. “Hii ni i5, bosi.” Omba kifuniko kifunguliwe. i5 ni jina la prosesa za Intel za vizazi vingi, na i5 ya 2011 na i5 ya 2020 zimechangia jina tu. Ramu (kumbukumbu ya muda) utakayoongeza, diski utakayoweka, na pawasaplai (kisanduku kinachoigawia mashine umeme) utakayotafuta ile ya kwanza ikiungua, vyote vinaamuliwa na ubao mama, yaani bodi. Prosesa hubadilishwa kwa dakika kumi, lakini bodi ikiwa mbaya umenunua kasha la chuma.

Anza na soketi, yaani pale kwenye bodi prosesa inapokaa. Kwa Intel, LGA1155 ni ya kizazi cha pili na cha tatu (2011 na 2012), LGA1150 ni ya cha nne (2013), LGA1151 ni ya cha sita mpaka cha tisa, LGA1200 ni ya cha kumi na cha kumi na moja, na LGA1700 ilianza na cha kumi na mbili mwaka 2021. Usitegemee maandishi ya kile chuma kinachobana prosesa, kwa sababu mara nyingi kimeandikwa LGA115X na hakikwambii ni ipi. Tafuta modeli ya bodi iliyochapwa juu ya bodi yenyewe, halafu itafute kwenye simu papo hapo.

LGA1151 ndiyo inayowaliza watu. Prosesa ya kizazi cha nane hukaa sawasawa kwenye bodi ya kizazi cha sita, kifuniko hufungika, na mashine haiwaki. Intel walibadilisha kazi za baadhi ya pini mwaka 2017, kwa hiyo kizazi cha nane na cha tisa vinataka bodi zenye chipseti (chipu kuu za bodi) za familia ya 300, kama H310, B360 au Z370. Bodi ya H110, B150 au B250 inaishia kizazi cha saba. Tofauti hii ina thamani ya pesa: Windows 10 ilikoma kupata masasisho ya kawaida tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 kwa upande wa Intel inataka kuanzia kizazi cha nane, pamoja na TPM 2.0, yaani kifaa cha usalama cha kutunza funguo za siri. Mashine mbili zinazofanana kwa sura, moja ya kizazi cha saba na nyingine cha nane, hazistahili bei moja.

Kisha prosesa itolewe. Muuzaji akikataa, nenda duka jingine. Pini za soketi za LGA ni vijispringi vyembamba sana, na viko upande wa bodi. Washa tochi ya simu, imulike soketi kutoka ubavuni na si kutoka juu, kisha uizungushe bodi polepole. Pini nzima hung'aa kwa mistari iliyonyooka kama jamvi lililosukwa vizuri. Iliyopinda huacha kidoa cheusi au humeta peke yake upande usiofaa. Pini moja ikipinda, si lazima mashine ife. Ikiwa ni ya njia ya ramu, itawaka vizuri ila utaweka GB 8 na itasoma 4, nawe utahangaika kununua ramu mpya ilhali ramu haina kosa. Kunyoosha kunawezekana kwa ncha ya sindano na lenzi ya kukuza, kwa mkono uliotulia. Pini iliyokwisha kunyooshwa mara moja, ya pili hukatika.

Prosesa za AMD, mshindani wa Intel, za soketi ya AM4 ni kinyume: pini ziko kwenye prosesa. Ukivuta kipoza-joto kikiwa baridi, prosesa hung'oka nacho pamoja na pini zake. Washa mashine dakika kumi ili krimu ya joto iliyo kati ya prosesa na kipoza-joto ilainike, izime na uchomoe waya, kisha kizungushe kipoza-joto kushoto na kulia hadi kiachie, ndipo uinue.

Ramu haina mengi. DDR3 ina pini 240 na hutumia volti 1.5 (DDR3L ni 1.35), DDR4 ina pini 288 na volti 1.2, DDR5 nayo ina 288 na volti 1.1. Pengo la katikati liko mahali tofauti kwa kila aina, kwa hiyo isipoingia usiilazimishe. Jihadhari na ramu kubwa za bei ya chini zilizotoka kwenye seva: lebo ikiishia na herufi R, mfano PC3-10600R, bodi ya kawaida ya mezani haitawaka nayo.

Sasa pawasaplai, ambako ndiko majuto mengi yalipo. Kiwango cha ATX, kinachopanga vipimo vya bodi na plagi za umeme, kilitolewa na Intel mwaka 1995. Bodi kamili ina milimita 305 kwa 244, Micro-ATX ni 244 kwa 244, na plagi kuu ya umeme siku hizi ina pini 24. Mashine za ofisi, ambazo ndizo nyingi kwenye mtumba, hazifuati plagi hiyo. HP nyingi zina plagi kuu ya pini 6, Dell OptiPlex nyingi zina pini 8, na Lenovo ThinkCentre zina 14 au 10. Pawasaplai zake nyingi hutoa volti 12 tu. Bodi ndiyo inayotengeneza volti 5 na 3.3, kisha inaipa diski umeme kwa waya unaotoka kwenye bodi yenyewe. Adapta za kuunganisha pawasaplai ya kawaida zipo, lakini bodi nyingine zinataka volti 12 hata zikiwa zimezimwa, ilhali ATX wakati huo hutoa 5 tu. Hapo adapta ya waya mtupu haifai. Inatakiwa ile yenye bodi ndogo ya kupandisha volti.

Kupima pawasaplai ya ATX ni rahisi. Ichomoe kwenye bodi, iunge kwenye stima, upime waya wa zambarau: iwe volti 5 tayari. Kisha gusanisha waya wa kijani na mmoja mweusi kwa kipande cha waya, feni izunguke. Njano isome kati ya 11.4 na 12.6, nyekundu 4.75 na 5.25, na chungwa 3.14 na 3.47. Nje ya hapo, itupe. Usiirudishe kwenye bodi nzima.

Tatizo letu la pwani ni chumvi. Nyumba ya Nyali au Mji wa Kale yenye madirisha wazi upande wa bahari huingiza chumvi ndani ya kasha pamoja na vumbi, kusi kwa kaskazi. Unyevu wa hewa ukipita asilimia 75 hivi, chumvi hiyo huvuta maji na kugeuka ute unaopitisha umeme, na hapa kwetu asubuhi nyingi unyevu unapita hapo. Bodi iliyozimwa kwa kitufe bado ina volti 5 za kusubiri, kwa hiyo shaba huendelea kuliwa usiku kucha. Zima kwenye swichi ya ukutani.

Dalili huanzia kwenye miguu ya kishikio cha betri na nyuma ya soketi za USB: unga wa kijani. Toa betri na ramu, paka alkoholi ya isopropili ya asilimia 99 (ya 70 ina maji mengi), sugua kwa mswaki laini, kisha iache mbele ya feni saa mbili. Soketi ya prosesa usiiguse kwa mswaki kamwe. Kama mstari wa shaba umekatika chini ya ule ukijani, alkoholi haiwezi kuurudisha. Inabidi kulehemu waya mwembamba juu yake.

Na mashine iliyokuwa kwenye chumba chenye kiyoyozi cha nyuzi 18 ikitolewa nje, hutoa jasho kama chupa ya soda, nje na ndani. Ifunge kwenye mfuko wa plastiki ukiwa bado ndani ya chumba kile, jasho liishie juu ya mfuko. Isafirishe hivyo hivyo, iache saa mbili ipate joto la hewa, kisha ifungue na uichomeke.