Kutoka Kavala hadi Mtoni Filipi

Basi la kutoka Thesalonike lilinishusha Kavala, mji wa bandari kaskazini mwa Ugiriki. Zamani uliitwa Neapoli. Hapa ndipo Paulo na wenzake walipokanyaga Makedonia, mnamo mwaka 49 au 50. Kando ya kanisa la Mtakatifu Nikola kuna picha kubwa ya vijiwe vya rangi: upande mmoja Paulo anaota maono usiku, mtu wa Makedonia akimwita, upande wa pili anashuka chomboni. Nilisimama pale na Biblia, nikasoma Matendo ya Mitume sura ya 16.

Kinachonigusa zaidi ni yaliyotangulia maono yale. Roho Mtakatifu aliwakataza kuhubiri Asia, jimbo la Warumi magharibi mwa Uturuki ya leo. Wakajaribu kuingia Bithinia, jimbo la kaskazini, wakazuiwa tena. Watu wametembea nchi kavu safari ndefu, kila wanakogeukia wanaambiwa si huko, mpaka wakafika Troa, mbele yao bahari tupu. Ndipo wakaitwa: "Vuka, uje Makedonia utusaidie." Basi wakatweka. Siku ya kwanza Samothrake, kesho yake Neapoli. Miaka ya baadaye, kurudi Troa kuliwachukua siku tano.

Filipi, mji walikoenda kutoka Neapoli, haiko mbali, kama kilomita 15 hivi kuvuka vilima. Katikati ya magofu bado kuna kipande cha Via Egnatia, barabara ya Warumi iliyotandazwa mawe. Nilikipita upesi, maana moyo wangu ulikuwa mtoni.

Mto Zigakti ni mwembamba, una miti mingi kingoni. Mapokeo yanasema hapa ndipo Lidia, mwanamke aliyepokea mahubiri ya Paulo, alipobatizwa, na hata leo Waorthodoksi huwabatiza watoto wao hapa. Nilivua viatu nikaingia. Kwenye maono aliyeita alikuwa mwanamume. Siku ya sabato waliokutwa kando ya maji wakisali ni akina mama! Na Lidia mwenyewe, mwuza rangi ya zambarau, alikuwa mwenyeji wa Thiatira. Thiatira iko Asia, kulekule walikokatazwa. Mungu alikuwa amekwisha kumtanguliza ng'ambo mtu wa Asia, akawangoje mtoni.

Lidia aliwashurutisha wakae nyumbani kwake. Baadaye Paulo na mwenzake Sila walipigwa bakora na kufungwa mjini humo, wakaondoka kwa njia ya Amfipoli hadi Thesalonike. Huko, Wafilipi wakamtumia Paulo msaada, tena zaidi ya mara moja. Jioni nilirudi Thesalonike kwa upande huohuo msaada ule ulikopita.