Siku moja maishani mwangu: kulishonea boila koti

Saa 12:30 asubuhi. Nawasha boila likiwa uchi, yaani bila koti la kuzuia joto lisipotee. Ni mtungi wa chuma cha pua wenye mikono miwili ya kubebea na hita ya wati 2,000, nilioutengeneza mwenyewe kwa kukeneka mafuta ya majani ya mkaratusi. Ndani kuna lita 20 za maji ya nyuzi 25. Kama joto lisingepotea, yangechemka kwa dakika 52 hivi.

Saa 1:32. Yamechemka. Dakika 62. Nilitegemea vibaya zaidi, nikaanza kujiuliza kama koti lina maana. Nikaweka chupa ya kipimo kwenye bomba la kupozea mvuke uwe maji.

Saa 2:32. Lita mbili na nusu tu kwa saa nzima! Kumbe hasara kubwa huja baada ya kuchemka. Kugeuza lita moja ya maji yanayochemka kuwa mvuke kunahitaji takriban kilojuli 2,257, kwa hiyo hita yangu ingetoa zaidi ya lita tatu kwa saa. Zilizopungua zilikuwa zinapasha chumba, na mimi ndani yake.

Saa 4. Boila limepoa, naanza kukata. Safari ya kwanza niligandisha pamba ya mawe (nyuzi laini za mawe yaliyoyeyushwa) moja kwa moja kwenye mtungi. Koki ikavuja, pamba ikanywa maji, na sikujua mpaka nilipoona kutu kwenye skrubu. Pamba hiyo huzuia joto kwa sababu ya hewa iliyonaswa ndani yake. Maji hupitisha joto karibu mara kumi na tano zaidi ya pamba kavu. Pamba ikiloa, mtungi umevaa kitambaa cha kupoza homa.

Kwa hiyo safari hii ni koti la kuvuliwa. Pamba ya mawe ya milimita 50, katikati ya matabaka mawili ya kitambaa cha nyuzi za kioo, na mikanda ya kufunga nyuma. Wapo wanaofungia styrofoam kwa kuwa ni nyepesi kubeba. Hulainika kabla maji hayajachemka; msinishawishi.

Saa 5 mpaka saa 8. Kushona. Barakoa, glavu, mikono mirefu, na bado nawashwa shingoni. Kazi ngumu ni matundu: moja la koki, moja la kipimajoto, na dirisha kubwa pale nyaya za hita zinapoingia. Hapo hapafunikwi kamwe, maana nyaya zikikosa hewa plastiki yake huungua. (Kula nilisahau.)

Saa 8:30. Lita 20 nyingine, nyuzi 25 zilezile.

Saa 9:27. Zimechemka, dakika 57. Tano tu nimeokoa. Ila ukiweka kiganja juu ya koti, ni vuguvugu kama shati lililoanikwa juani. Asubuhi pale pale pangenibabua.

Saa 10:27. Lita 2.9. Hita ileile, umeme uleule. Hapo nikacheka peke yangu.

Saa 12 jioni. Nimelivua koti, nimelitundika likauke. Mfuniko bado uko uchi na ndio sasa unaovujisha joto kuliko sehemu nyingine. Kipande cha pamba kimebaki, lakini valvu ya usalama, ile inayotoa mvuke shinikizo likizidi, imekaa katikati kabisa, nayo lazima ibaki wazi na ionekane. Kesho nitakata kama pete.